Je, Wajua? Kocha, Mshauri Nasaha, Mlezi na Mkufunzi Hawafanyi Kazi Moja

Ukipita Karen, mtaa wa Nairobi, siku ya kazi, kuanzia pale mzunguko wa Ngong Road hadi kwenye bustani za mikahawa zilizojificha nyuma ya miti, hukosi kuona meza ya watu wawili wanaozungumza kwa sauti ya chini, daftari likiwa katikati. Huenda mmoja ni wakili, huenda ni mshauri nasaha, huenda ni kocha. Kwa mbali wote wanafanana. Lakini sheria zinazowabana, kazi wanayoifanya na matunda yake ni tofauti, na anayekosea kuchagua hupoteza pesa, wakati mwingine hata afya. Soma haya kabla hujalipa.

KAZI YENYEWE

Je, wajua kwamba kocha wa kikazi hulipwa ili aulize, si ili ajibu? Mteja ndiye anayeleta hoja, ndiye anayechagua njia, na ndiye anayeondoka na kazi ya kufanya. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kocha huanzia hapo: aliye mbele yake si mgonjwa wala mwanafunzi, ni mtu mzima mwenye uwezo ambao bado hajautumia wote.

Je, wajua kwamba fani hii ilitoka uwanjani kabla ya kuingia ofisini? Mwaka 1974 Mmarekani Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, alichapisha kitabu The Inner Game of Tennis. Hoja yake ni kwamba mchezaji ana wapinzani wawili, mmoja ng'ambo ya wavu na mwingine kichwani mwake, na huyu wa pili ndiye mkali zaidi. Badala ya kumfokea mwanafunzi ainue mkono au akunje goti, Gallwey alimwomba autazame mpira na aseme alichokiona.

Je, wajua kwamba watu wasio walimu wa tenisi waliwahi kuifundisha vizuri? Sir John Whitmore, Mwingereza aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, alisimulia jinsi walimu wa kuteleza kwenye theluji, waliokwisha kufunzwa mbinu za Gallwey, walivyovalishwa sare za tenisi na kukabidhiwa wanafunzi. Kwa kuwa hawakuzijua kasoro za kiufundi, hawakuwa na la kusahihisha. Walibaki kuuliza: unaona nini, unahisi nini, mpira umegonga wapi? Kwa mujibu wa Whitmore, kazi yao iliwapita walimu wengi wa tenisi.

Je, wajua kwamba maswali ya kocha yana mpangilio? Kitabu cha Whitmore cha mwaka 1992, Coaching for Performance, kilieneza hatua nne zinazotumika hadi leo. Lengo lako ni lipi? Hali ikoje sasa? Una njia zipi? Utafanya nini, na lini? Mazungumzo yasiyofika kwenye swali la nne ni soga nzuri tu.

Je, wajua kwamba shirika kubwa la makocha duniani lilianzishwa mwaka 1995? Ni International Coaching Federation, maarufu kama ICF, na mwanzilishi wake ni Mmarekani Thomas Leonard, aliyekuwa mshauri wa mipango ya fedha. Lina ngazi tatu za vyeti. Ya kwanza hudai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kuwahudumia wateja. Ya pili hudai saa 125 na 500. Ya juu kabisa hudai saa 200 na 2,500.

LALAMIKO MOJA, MASIKIO SITA

Je, wajua kwamba njia rahisi ya kuwatofautisha wataalamu hawa ni kuwapa lalamiko lile lile? Tuseme mama mmoja amepandishwa cheo na kuwa meneja wa tawi la benki. Anasema: "Tangu nipewe kiti hiki, wenzangu tuliokuwa sako kwa bako hawanisikilizi."

Mkufunzi humwita darasani. Ana mtaala wa siku mbili kuhusu kuendesha mikutano na kugawa kazi, na wote waliojiandikisha watafundishwa mambo yale yale.

Mshauri mwelekezi huomba chati ya tawi, huwahoji wafanyakazi, huandika ripoti na kupendekeza nani ahamishwe wapi. Amelipwa kutoa jibu, na jibu likiwa baya lawama ni yake.

Mlezi wa kikazi, mama aliyestaafu baada ya kuongoza matawi kadhaa, humwambia: "Mwanangu, hata mimi yalinikuta. Nilianza kwa kumwita mmoja mmoja, tukanywa chai." Anachotoa ni njia aliyoipita mwenyewe. Penye wazee haliharibiki neno.

Mshauri nasaha huuliza: "Unapokaa mbele yao, moyoni unahisi nini? Hali kama hii uliwahi kuipitia wapi?" Huenda ikajitokeza hofu ya tangu utotoni ya kukataliwa. Hapo kuna kidonda, na kidonda hutibiwa.

Mwelekezi wa kiroho humsaidia kutafuta, katika sala na ukimya, Mungu anamwita wapi katika jambo hilo.

Na kocha? Kikao chake huenda hivi.

"Ungejuaje kwamba sasa wanakusikiliza? Jumatatu asubuhi ungeona nini?"

"Wangeleta taarifa ya mauzo kabla ya saa tatu bila kukumbushwa."

"Umewahi kuwaambia kwamba saa tatu ndiyo saa yenyewe?"

Mama ananyamaza. Kocha naye ananyamaza, haujazi ukimya ule kwa ushauri.

"Sijawahi. Nilidhani wanajua."

"Utawaambia lini?"

"Kesho, kwenye mkutano wa asubuhi. Na nitaanza na Peter, maana yeye ndiye wanayemfuata."

Kocha hakumjua Peter wala hakuhitaji kumjua. Mama alikuwa na jibu muda wote, ila hakuwahi kulitamka.

HAPA HAPA KAREN

Je, wajua kwamba mawakili wote wanaohitimu Kenya School of Law, iliyoko Karen, lazima wapitie mikononi mwa mlezi? Mbali na masomo ya darasani na mitihani, wakili mwanagenzi hutumikia miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 5. Humfuata mahakamani, humwandikia hati, hutazama anavyozungumza na hakimu. Huo ni ulezi wa kitaaluma. Mlezi huonyesha, na mwanagenzi huiga kabla ya kuanza kuamua mwenyewe.

Je, wajua kwamba mwelekezi wa kiroho hukaribiana na kocha kuliko wengi wanavyodhani? Katika kituo cha Mwangaza cha Wajesuiti, upande huo huo wa Karen na Lang'ata, watu huenda mafungo kwa kufuata Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Mazoezi kamili huchukua takriban siku 30. Mwongozo wenyewe humtaka anayeyatoa aseme machache, ili anayeyafanya agundue mwenyewe. Tofauti iko kwenye lengo. Kwa kocha, lengo huwekwa na mteja. Kwa mwelekezi wa kiroho, wote wawili wanamsikiliza wa tatu.

Je, wajua kwamba daktari na kocha wanaweza kuuliza swali lile lile kwa sababu mbili tofauti? Ukiingia The Karen Hospital ukaulizwa, "Umelala vipi wiki hii?", daktari anatafuta jina la ugonjwa na dawa yake. Kocha akikuuliza hivyo, anataka wewe usikie jibu lako na uone linavyogusa kazi yako. Jibu likionyesha ugonjwa, kazi ya kocha huishia hapo na ya daktari huanza.

Je, wajua kwamba mkazi mashuhuri zaidi wa zamani wa eneo hili alizibeba kazi nyingi peke yake? Karen Blixen, aliyeishi katika nyumba iliyojengwa mwaka 1912 na ambayo leo ni makumbusho, aliendesha shamba la kahawa hadi 1931. Asubuhi aliwatibu watu wa shambani bila kuwa daktari, akawatolea kauli katika ugomvi wao bila kuwa hakimu. Leo mtaa huo huo una hospitali, shule ya sheria na nyumba za mafungo. Kila kazi imepata mwenyewe, na kila mwenyewe amepewa mipaka.

UWANJANI NA DARASANI

Je, wajua kwamba kocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya soka, na kocha wa uongozi wanafanana kwa jina tu katika mambo mengi? Wa timu huchagua kikosi, hupanga mbinu na humtoa mchezaji dakika ya 60 bila kumwomba ruhusa. Wa uongozi hana mamlaka hayo kwa mteja wake. Akianza kuamuru, amegeuka bosi.

Je, wajua kwamba Eliud Kipchoge alianza kwa kuomba programu ya mazoezi? Kijana huyo wa Nandi alimfuata jirani yake Patrick Sang, mshindi wa fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Sang alimpa mazoezi ya siku chache, kijana akayamaliza na kurudi kuomba mengine. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Sang kwake amekuwa kocha na mlezi kwa pamoja, jambo linalowezekana pale uhusiano unapodumu miaka mingi na kila mmoja anajua ni kofia ipi imevaliwa.

Je, wajua kwamba Bruda Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila mafunzo ya ukocha wa riadha? Mmisionari huyo kutoka Ireland alijifunza kwa kuwatazama vijana wa Shule ya St. Patrick's wakikimbia. Mmoja wa aliowakuza, David Rudisha, alishinda mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Jicho linalotazama kwa makini lilitangulia, ujuzi ukaja baadaye.

Je, wajua kwamba Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube? Video zilimpa maarifa. Baadaye alikwenda Finland kufanya mazoezi chini ya kocha Petteri Piironen, na mwaka 2015 jijini Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Video huonyesha anavyofanya mwingine. Haikuoni wewe unavyofanya.

Je, wajua kwamba Kenya imewahi kujaribu ukocha katika shule zote za msingi za umma? Mpango wa Tusome, ulioanza kitaifa mwaka 2015, uliwatumia maafisa wa kusaidia mtaala kama makocha wa walimu wa madarasa ya chini. Afisa alifika na tableti, aliketi nyuma ya darasa, alifuatilia somo la Kiswahili au Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kisha aliwasikiliza wanafunzi wachache wakisoma kwa sauti. Kipindi kikiisha, aliketi na mwalimu kuzungumzia walichokiona: wapi watoto walikwama, na kesho kipi kibadilike. Mkaguzi angeandika alama na kuondoka.

Je, wajua kwamba mafunzo peke yake mara nyingi huishia mlangoni mwa ukumbi? Watafiti Bruce Joyce na Beverly Showers walilieleza hilo tangu 1980. Mwalimu huelewa mbinu mpya kwenye semina, lakini huizoea pale anapoitumia darasani huku mtu akimfuatilia na kumrejeshea alichokiona. Ndiyo maana kampuni inayowapeleka mameneja wake kwenye semina Karen kila mwaka, bila kuwafuatilia, haioni badiliko ofisini.

Je, wajua kwamba hata daktari bingwa wa upasuaji anaweza kumhitaji kocha? Mwaka 2011 Atul Gawande wa Boston aliandika jinsi alivyomwalika mwalimu wake wa zamani, Robert Osteen, amtazame akifanya upasuaji. Gawande aliona kazi imekwenda vyema. Osteen alikuwa amejaza karatasi maandishi. Aliona kiwiko kilichoinuliwa mno, aliona taa iliyosogea ikaacha kumulika kidonda vizuri bila mpasuaji kutambua. Mambo madogo, lakini mtu hawezi kujiona mwenyewe akiwa kazini.

MIZIZI YETU

Je, wajua kwamba jamii zetu zilikuwa na waelekezi wa kila namna kabla ya vyeti? Pwani, kungwi humfunda mwari mambo ya unyumba na staha. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwimbaji na pia kungwi wa unyago. Kwa Wagikuyu, kijana wa jando alikuwa na mutiiri wa kumsimamia. Kwa Wamaasai, vijana wa rika moja huwa chini ya malezi ya wazee wa olpiron. Wote hao hurithisha maarifa. Wana la kufundisha, nawe una la kupokea, na hapo wanafanana zaidi na mlezi na mkufunzi kuliko kocha.

Je, wajua kwamba Wizara ya Elimu ya Kenya ilianzisha kitengo cha uelekezaji na ushauri nasaha mwaka 1971? Uzito wake uliongezeka mwaka 2001, serikali ilipopiga marufuku viboko shuleni, na walimu wakatakiwa kumsikiliza mwanafunzi waliyezoea kumchapa.

Je, wajua kwamba msiba wa kitaifa uliwafunza Wakenya wengi thamani ya ushauri nasaha? Baada ya shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 213 na kujeruhi maelfu, walionusurika na familia zao walihitaji zaidi ya bandeji. Hakuna kocha angewafaa siku zile. Mtu aliyetikiswa na kifo hahitaji kuulizwa malengo yake ya robo mwaka.

SHERIA NA TAHADHARI

Je, wajua kwamba mshauri nasaha na mwanasaikolojia nchini Kenya wana sheria yao? Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi na kuwataka wasajiliwe kabla ya kutoa huduma. Kocha hana sheria ya namna hiyo. Mtu yeyote anaweza kuchapisha kadi leo jioni na kujiita kocha wa maisha kesho asubuhi.

Je, wajua kwamba siri unayompa kocha haina ulinzi sawa na unayompa wakili? Mazungumzo ya wakili na mteja yanalindwa na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi. Kocha hufungwa na mkataba wenu na maadili ya chama chake. Kwa hiyo soma mkataba, hasa iwapo anayelipa ni mwajiri wako. Uliza mapema: bosi ataambiwa nini?

Je, wajua kwamba kuna dalili ambazo kocha mwaminifu hatazigusa? Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi na hamu ya chakula, ulevi usiozuilika, kumbukumbu za mateso zinazorudi, mawazo ya kujiua. Hayo ni ya mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili, na wa pili ndiye daktari mwenye mamlaka ya kuandika dawa. Kanuni za ICF zinamtaka kocha amwelekeze mteja kwa mtaalamu mwingine inapobidi. Anayesema "nitalishughulikia mwenyewe" mbele ya dalili hizo anacheza na uhai wa mtu.

Je, wajua kwamba mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba? Uamuzi huo ulisema wazi kwamba mtu wa hali hiyo anastahili msaada wa tiba. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu za ushauri bila malipo kupitia 1199, na watoto wana 116 ya Childline Kenya.

Je, wajua maswali matano yanayotosha kumpima kocha kabla hujatoa shilingi? Ulisomea wapi, na kwa saa ngapi? Umewahudumia wateja kwa saa ngapi? Nani anakusimamia au kukukosoa katika kazi yako? Nikihitaji tiba, utanipeleka kwa nani? Nikiona hatuelewani, tunaachana vipi, na pesa zangu zinakuwaje? Kocha wa kweli hufurahia maswali, maana hiyo ndiyo kazi yake. Akikasirika, beba mkoba wako.

Basi msomaji, jiulize unachokosa kabla ya kumtafuta wa kukipa. Ukikosa maarifa, nenda kwa mkufunzi. Ukikosa aliyekutangulia njiani, tafuta mlezi. Ukikosa jibu la kitaalamu, lipa mshauri mwelekezi. Ukiumia moyoni, nenda kwa mshauri nasaha aliyesajiliwa. Ukiugua, nenda hospitali leo. Na kama u mzima, unajua unakotaka kwenda na umekwama kwenye hatua ya kwanza, hapo ndipo kocha atakufaa. Kuuliza si ujinga. Uliza kabla hujalipa.